Boila Mpya, Nyumba Baridi: Nani Ajibu?

Fundi anasema kiwanda kimeleta mashine mbovu. Kiwanda kinamtuma mtu wake, anafungua kifuniko, anakinga maji kidogo kwenye chupa, anayainua kwenye mwanga, anaona yalivyo meusi, kisha anasema kosa ni la fundi. Fundi akiitwa tena anaelekeza kidole sakafuni, kwenye mabomba yaliyofukiwa tangu miaka ya sabini: kosa ni la nyumba. Na nyumba ni yako. Nje ni Januari, boila ina wiki mbili tangu ifungwe, na watoto wanalala na makoti.

Uingereza ina nyumba zaidi ya milioni 20 zinazopashwa joto kwa gesi, na mzunguko huu wa kutupiana mpira unajulikana vizuri huko, hata kwenye nyumba za Waswahili wa London, Reading au Leicester waliozoea kwao kwamba maji ya moto ni sufuria juu ya jiko. Ajabu ni kwamba swali lenyewe, la nani anawajibika, lina jibu lililo wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Anayewajibika ni yule uliyemlipa akufungie. Kinachobishaniwa hasa ni kitu kingine: ni nani aliyepaswa kuikagua nyumba ya zamani kabla ya kutundika mashine mpya ukutani. Sheria haikuliandika jibu lake waziwazi, lakini naona linatoka humohumo, na mafundi wengi hawatalifurahia.

Tuanze na mkataba. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inamtazama mfanyabiashara aliyeingia mkataba na wewe. Kampuni moja ikikuuzia boila na kuifunga, mashine ni mzigo wake na ufundi ni mzigo wake. Mashine iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi iliyonunuliwa, ilingane na maelezo uliyopewa. Ufundi ufanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kifungu cha 15 kinaziba mwanya uliokuwa unapendwa sana: bidhaa iliyofungwa vibaya na muuzaji, au na mtu anayefanya kazi chini ya dhamana yake, huhesabiwa kuwa haikidhi mkataba hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzima. Kwa hiyo kauli ya "aliyekuja si mfanyakazi wetu, ni kibarua tulimpa kazi" haimwondolei mtu wajibu. Kampuni ikiona kiwanda ndicho kilichokosa, idai huko kwa mikataba yake yenyewe. Mteja hana haja ya kusubiri wamalizane, wala masharti madogo nyuma ya ankara hayawezi kumnyang'anya haki hizi.

Chanzo cha ubovu hakibadilishi nani wa kujibu, lakini kinabadilisha unachoweza kudai, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mashine ikiwa mbovu yenyewe, una siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa baada ya muuzaji kukujulisha kwamba amemaliza kuifunga. Kasoro ikiwa ni ya ufungaji tu, haki hiyo ya haraka haipo. Unaanza na kutengenezewa au kubadilishiwa, kwa gharama ya muuzaji, ndani ya muda wa kuridhisha na bila kukusumbua kupita kiasi. Akitengeneza mara moja na tatizo likabaki, unaweza kukataa kabisa au kudai bei ipunguzwe. Neno "mara moja" lina uzito. Nimewasikia watu wakisimulia jinsi walivyomvumilia fundi akaja mara ya tano, kana kwamba uvumilivu ni sharti la sheria.

Muda nao una hesabu yake. Kasoro ya bidhaa ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Miezi sita ikipita mzigo wa ushahidi unakuhamia wewe, na kwa kawaida hapo inabidi umlipe mtaalamu wa nje aandike ripoti. Dai lenyewe linaweza kufunguliwa hadi miaka sita England na Wales, mitano Scotland.

Yote hayo yanadhani kwamba mkataba ni mmoja. Kuna wanaonunua boila wenyewe mtandaoni kwa bei nafuu, kisha wanatafuta fundi wa kulipwa ufundi peke yake. Mtu huyu ana mikataba miwili, na katikati yake pana shimo. Duka linajibu kwa mashine, fundi kwa kazi ya mikono yake, na kila mmoja ana mwenzake wa kumtupia mpira kihalali kabisa. Ni mteja sasa anayepaswa kuthibitisha ubovu uko upande gani, jambo ambalo mwenye mkataba mmoja hasumbuki nalo. Kilichookolewa kwenye bei kimenunuliwa kwa kuubeba mzigo huo.

Sasa tuingie kwenye mashine, maana mabishano mengi yanazaliwa ndani ya mabomba, mbali na vifungu vya sheria.

Boila nyingi za siku hizi hazina tangi. Maji ya mfereji hupita ndani yake na kupata moto papo hapo, na maji mengine, yaleyale kila siku, huzungukia kwenye rejeta za ukutani na kurudi. Maji haya ya mzunguko ndiyo chanzo cha kesi nyingi. Rejeta za chuma zilizokaa miaka 30 zinaliwa na kutu ndani kwa ndani, na kutu hiyo hujikusanya kuwa tope jeusi. Boila ya zamani, yenye njia pana za maji, ililivumilia. Mpya ina vibati vyembamba vilivyobanana ambamo joto la gesi hupokewa na maji, na tope likifika hapo njia zinaziba: bafuni maji yanatoka vuguvugu, rejeta za mbali hazipati moto, mashine inajizima yenyewe kwa kuogopa kuungua. Mtu wa kiwanda anaangalia chupa yake ya maji, anaandika "uchafu wa mfumo", na kiwanda kinatoka kwenye waranti. Mara nyingine kinakudai na gharama za safari yake.

Je, tope ni la nani? Fundi atasema alilikuta. Ni kweli, alilikuta. Lakini alijua, au alipaswa kujua, kwamba liko. Kanuni ya kitaalamu ya BS 7593 inataka mfumo usafishwe kabla boila mpya haijaunganishwa, utiwe dawa ya kuzuia kutu, na tangu toleo la 2019, ufungiwe chujio la kudumu kwenye bomba. Vitabu vya viwanda navyo vinataka hivyohivyo. Fundi aliyeruka hatua hiyo ili amalize saa kumi akachukue kazi nyingine hakufanya kazi kwa ustadi unaostahili, na umri wa rejeta haumtetei. Uzee wa nyumba ulikuwa sehemu ya kazi aliyokubali kulipwa. Kinachoweza kumtetea ni karatasi: kama aliandika kwenye makadirio kwamba mfumo ni mchafu, kwamba kusafisha kwa mashine kunagharimu kiasi fulani, na mteja akakataa ili apunguze bei. Hapo mteja amejitakia. Neno la mdomo, la "si nilikwambia?", kwa kawaida halitoshi kumwokoa.

Bomba la gesi lina hadithi inayofanana, ila imejificha zaidi. Boila ndogo za zamani zilitosheka na bomba la milimita 15. Inayochemsha maji ya bafu papo hapo inaweza kuhitaji kilowati 30 au zaidi ikifunguliwa yote, na bomba hilo jembamba haliwezi kupitisha gesi ya kutosha kwa umbali mrefu. Msukumo wa gesi kwenye mita ni takribani milibari 21, na bomba la nyumba halitakiwi kupoteza zaidi ya milibari 1 kabla ya kufika kwenye mashine. Likipoteza nne au tano, kichomeo kinawaka kidogo, kinasita, kinazima. Mwenye nyumba anaona boila inayofanya kazi asubuhi na kugoma jioni wakati jiko la gesi limewashwa, naye anaapa kuwa mashine ina jini. Kupima msukumo huo, vyombo vyote vikiwa vinawaka, ni dakika chache za kazi ya fundi. Asipopima, ni kosa lake. Akipima na kukuta kwamba msukumo ni mdogo hata pale kwenye mita, anaingia mhusika ambaye hakuna aliyemkumbuka: kampuni ya mtandao wa gesi inayoleta gesi hadi hapo. Huyo hakuwa kwenye ankara ya mtu yeyote, na fundi hana mamlaka ya kugusa kifaa chake cha kudhibiti msukumo.

Halafu kuna kibomba cha plastiki. Tangu Aprili 2005, England na Wales zimetaka boila mpya za gesi ziwe za aina inayoukamua mvuke wa moshi ili kupata joto lake, isipokuwa pale isipowezekana. Mvuke ukipoa unakuwa maji yenye tindikali kidogo, na maji hayo lazima yatoke nje. Kibomba kikipitishwa nje ya ukuta kikiwa chembamba na hakijavishwa chochote, usiku wa barafu kinaganda, maji yanarudi nyuma, boila inagugumia na kuzima. Desemba 2010 baridi kali ilifanya hivyo nchini kote, mafundi wakashinda kwenye ngazi na birika za maji ya uvuguvugu. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema jambo hilo ni la kushangaza. Boila iliyofungwa Juni, ikafanya kazi vizuri kiangazi chote, ikagoma usiku wa kwanza wa barafu, ilikuwa imefungwa vibaya tangu Juni.

Themostati isiyounganishwa, hewa iliyobaki kwenye mabomba, geji inayosoma chini ya bari 1 kwa sababu mfumo haukujazwa vizuri: hayo ni ya fundi, hayana ubishi, na yanamalizika kwa saa moja.

Kuna pia boila inayofanya kazi kama ilivyobuniwa lakini haiifai nyumba. Mashine ya kilowati 30 inatoa takribani lita 12 za maji kwa dakika ikiyapandisha joto kwa nyuzi 35. Mombasa, ambako maji ya mfereji yanafika yakiwa vuguvugu tayari, hizo zingekuwa anasa. London mwezi wa Februari, maji yanapoingia yakiwa na nyuzi 6, lita hizo zinatosha mtu mmoja kuoga vizuri, si wawili kwenye mabafu mawili. Kiwanda hakijakosa chochote. Swali ni nini kilisemwa kabla ya kusaini. Ulimwambia muuzaji kwamba ninyi ni sita na mabafu ni mawili? Akajibu kwamba itatosha? Basi sheria ileile ya 2015 inalichukua jibu lake kuwa sehemu ya mkataba, hata kama alilisema akiwa amesimama jikoni na kikombe cha chai. Ugumu ni kulithibitisha, ndiyo maana ujumbe mfupi wa simu unaorudia mazungumzo hayo, uliotumwa jioni ileile, unaweza kushinda kesi nzima.

Sasa waranti, ambayo watu huitegemea kupita kiasi. Tangazo linasema miaka 10, mteja anaamini amenunua miaka 10 ya usingizi. Waranti ni ahadi ya kiwanda, na ikishatolewa inakibana kama mkataba, lakini ni ahadi yenye milango mingi ya kutokea. Mashine isajiliwe, kwa kawaida ndani ya siku 30. Ihudumiwe kila mwaka, na huduma iandikwe. Karatasi ya Benchmark, ile inayokuja na kitabu cha boila, iwe imejazwa: msukumo wa gesi, joto la maji, dawa iliyotiwa, tarehe na sahihi. Viwanda huitaka wanapoombwa kutengeneza. Uchafu na chokaa ya maji havimo kwenye waranti. Ninaiona karatasi ya Benchmark kuwa shahidi bora kuliko watu wote watatu wanaogombana, kwa sababu ilijazwa, au iliachwa tupu, kabla ugomvi haujaanza. Nafasi iliyoachwa wazi mahali pa msukumo wa gesi inasema mengi.

Ila waranti haichukui nafasi ya haki dhidi ya muuzaji. Muuzaji anayesema "ongea na kiwanda" anakuelekeza kwenye mlango wa pili ili ufunge wa kwanza mwenyewe. Bila waranti, kiwanda hakina mkataba na wewe. Kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji, ilimfanya mtengenezaji awajibike kwa asiye na mkataba naye, lakini kwa madhara: mtu akiumwa, kitu kingine kikiharibika. Boila ikilipuka, au ikivujisha hewa ya sumu, njia hiyo ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 1987 inaiimarisha. Boila iliyokaa kimya ukutani bila kumdhuru mtu haimo humo.

Watu pia hukimbilia Gas Safe Register, rejista iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Fundi asiyemo humo haruhusiwi kugusa gesi, na kadi yake ina upande wa nyuma unaoonyesha kazi anazoruhusiwa. Wengi hawaugeuzi. Lakini rejista inashughulikia usalama. Dohani ikiwa imefungwa vibaya, itakuja. Nyumba ikiwa baridi tu, au bei ikiwa ya wizi, itakuambia kwa heshima kwamba hilo ni la mkataba wako.

Mpangaji yuko kwenye hali tofauti kabisa, na kwa namna moja rahisi zaidi. Hakumlipa fundi, hana mkataba naye, na hana sababu ya kumfukuzia kwa simu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985, kwa England, kinamtaka mwenye nyumba adumishe vyombo vya kupasha nyumba na maji joto vikiwa vinafanya kazi. Mwenye nyumba akikwambia boila ni mpya na mambo yako kwa kiwanda, anakusimulia matatizo yake. Aliyenunua nyumba mpya kutoka kwa mjenzi naye huanza na mjenzi: chini ya dhamana ya nyumba mpya ya NHBC, kwa mfano, miaka miwili ya kwanza ni ya mjenzi kurekebisha kasoro.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kudhani haya ni ya watu wa baridi. Lakini sheria zetu za uuzaji wa bidhaa, za Kenya na za Tanzania, ni watoto wa sheria ya Kiingereza ya 1893, na wazo la muuzaji kujibia ubora wa anachouza liko kwetu tangu ukoloni. Kilichomo kwenye sheria ya Uingereza ya 2015, cha kumfungia mlaji mashine na ufundi katika fundo moja na kuhesabu siku zake, hakikufika kwetu. Kenya ina Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake. Chukua hita ya jua juu ya paa la Kilimani au Mbezi, inayolishwa maji ya kisima yenye chumvi. Mwaka wa kwanza inaziba, muuzaji anasema ni maji yako, fundi anasema ni tangi la muuzaji. Hoja ni ileile ya tope la London: maji ya kisima hayakuanza kuwa na chumvi baada ya hita kufungwa, na aliyepanda juu ya paa kuifunga alipaswa kuuliza maji yanatoka wapi. Nairobi dai kama hilo linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni moja. Kikwazo ni kwamba mara nyingi fundi alilipwa mkononi, bila risiti, na jina lake kwenye simu ni "Fundi Hita".

England njia ya madai madogo inafika pauni 10,000, na boila ya kawaida pamoja na ufundi haifiki hapo. Kabla ya hapo inatakiwa barua inayoeleza kasoro, haki unayodai na tarehe ya mwisho. Picha ya namba ya hitilafu kwenye kioo cha mashine, picha ya geji, na ripoti ya mtu wa kiwanda hata kama inakulaumu, viwekwe pamoja. Jambo moja linaharibu kesi nyingi: kwa hasira, mteja anamwita fundi wa pili, naye anabadilisha nusu ya mabomba jioni hiyohiyo. Nyumba inapata joto na ushahidi unaenda na taka. Fundi wa kwanza alipaswa kupewa nafasi, kwa maandishi, na wa pili alipaswa kuandika alichokikuta kabla ya kugusa chochote.

Kuna pigo moja ambalo hoja zote hizi hazilizuii. Kampuni ndogo za ufundi hufa. Ikifilisika, deni linabaki kwa jina la kampuni, na mkurugenzi wake anaweza kuonekana mwezi ujao kwenye gari lilelile lenye jina jipya ubavuni. Haki yako iko kamili, ila huna wa kumdai. Hapo waranti ya kiwanda, iliyodharauliwa kidogo humu, inapata thamani yake halisi, maana kiwanda bado kipo, ilimradi karatasi zimejazwa. Baadhi ya mafundi hutoa pia dhamana iliyokatiwa bima kwa ajili ya siku kama hiyo.

Na kuna benki. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike sawa na muuzaji, iwapo bei ya kitu imezidi pauni 100 na haizidi 30,000. Aliyenunua mashine kwa kadi na kumlipa fundi taslimu ana benki kwa upande wa mashine tu. Mwenye mkataba mmoja yuko pazuri zaidi, kwa sababu kinachotazamwa ni bei, si kiasi kilichopita kwenye kadi: arbuni ya pauni 50 iliyolipwa moja kwa moja kwa kampuni kwa kadi ya mkopo inaiweka benki ndani ya mkataba wote wa pauni 3,000, na benki haifungi duka Ijumaa ikafungua Jumatatu kwa jina jingine.